Magome Yanayotoa Ushahidi

Mwaka 1996, katika Blue Mud Bay, kaskazini mwa Australia, Wayolngu, wenyeji wa huko, walikuta kambi ya uvuvi haramu mahali pao patakatifu, na humo kichwa cha mamba kilichokatwa. Kwa ukoo wao wa Madarrpa mamba ni mhenga, kwa hiyo kufuru ile haikuwa ndogo. Jibu lao lilikuwa kuchora. Wasanii 47, kupitia kituo chao cha sanaa cha Yirrkala, Buku-Larrnggay Mulka, walichora magome 80 ya mkaratusi wakionyesha ukoo upi una bahari ipi na kwa asili gani. Huo ni utafiti kamili, na makumbusho yanayoitundika kazi ya namna hii kama pambo yanaipunja.

Mwanachuo atauliza: uhakika wake uko wapi, ikiwa msanii huchora apendavyo? Lakini msanii wa Yirrkala hachori apendavyo. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, likapitishwa motoni na kulazwa chini ya vitu vizito mpaka linyooke. Rangi ni udongo na mawe yaliyosagwa, na mistari myembamba huvutwa kwa brashi ya nywele chache za binadamu. Mistari hiyo ina wenyewe. Maumbo ya almasi ya Madarrpa, yanayobeba habari za moto na maji ya chumvi, hayachorwi na asiye na haki nayo, na watoto waliozaliwa na mabinti wa ukoo wana wajibu wa kuangalia yasikosewe. Sijui jarida la kitaaluma ambalo wahakiki wake wamebeba dhamana nzito kiasi hicho.

Pingamizi zito zaidi ni la wanasheria. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, katika kesi ya Blue Mud Bay, kwamba wamiliki wa jadi ndio wanaoruhusu nani aingie kwenye maji yanayojaa na kupwa juu ya ardhi yao, na hoja ilisimama juu ya maneno ya Sheria ya Haki za Ardhi ya 1976, si juu ya rangi. Ni kweli. Ila sheria hiyo nayo ina chimbuko. Mwaka 1963 Wayolngu walipeleka bungeni maombi yaliyobandikwa kwenye magome yaliyochorwa, wakipinga mgodi wa boksiti. Mgodi ulichimbwa, kesi yao ikashindwa mwaka 1971, na kushindwa huko ndiko kulikoilazimisha serikali kuunda tume iliyozaa sheria ya 1976. Upande wa magharibi, mwaka 1997, wenyeji wa jangwa la Great Sandy walitandaza turubai walilolichora, la Ngurrara, takriban mita 8 kwa 10, mbele ya baraza la madai ya ardhi. Kila shahidi akasimama juu ya sehemu inayoonyesha nchi yake, akaieleza kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa mwaka 2007.

Ndiyo maana suala la wenyeji kumiliki vituo vya sanaa kama hicho cha Yirrkala halipaswi kuwa jambo la pembeni. Mtafiti mgeni anayetaka kupiga picha au kurekodi aanze kwa wenye mchoro, akubali kukataliwa, na nakala ya alichokusanya ibaki kituoni.