Kwenda Kilimanjaro: Mzigo Usio na Mpagazi

Wako vijana wengi katika shule za Uganda ambao wamesoma habari za Mlima Kilimanjaro katika vitabu vya jiografia, wakatamani kuuona kwa macho yao. Siku hizi jambo hilo si gumu kama zamani. Makampuni ya utalii huchukua makundi ya wanafunzi na ya watu wazima, na huwapa gari, mahali pa kulala, mpishi, wapagazi na kiongozi. Tena amri ya hifadhi ya mlima ule hairuhusu mtu kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Kwa hiyo wengi hufikiri kwamba wakisha kulipa ada ya safari kazi yao imekwisha, na yaliyobaki yote ni juu ya kiongozi.

Fikira hiyo yataka kusahihishwa. Kiongozi ajua njia, ajua mahali pa maji, na ajua mwendo unaofaa. Lakini hawezi kukuazima pasipoti yake mpakani, wala kukupa chanjo aliyochanjwa yeye, wala kulipa deni lako la hospitali. Hati, bima na afya ni mzigo usio na mpagazi: kila msafiri huubeba mwenyewe, na huanza kuubeba miezi mitatu kabla ya kuondoka nyumbani. Natuutazame mzigo huo sehemu kwa sehemu.

1. HATI

Njia itumiwayo sana kutoka Kampala hupita Busia, Nairobi, Namanga, Arusha na Moshi, mpaka lango la Marangu. Hapo msafiri avuka mipaka miwili. Tangu mwaka 2010, kwa mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, raia wa nchi zilizomo huweza kupewa kibali cha kutembea katika nchi nyingine ya Jumuiya kwa muda usiozidi miezi sita, bila malipo. Hayo ni mema, lakini tusichanganye maneno mawili: kusafiri bila viza si kusafiri bila hati.

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kwamba raia wao waweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuwa katika mapatano yale. Basi mtu aliyevuka Busia kwa kitambulisho, akapigiwa saluti, asidhani kwamba Namanga itakuwa vivyo hivyo. Huenda wenzake wakaendelea na safari, naye akabaki upande wa Kenya akitafuta gari la kurudi. Pasipoti ndiyo hati iliyo salama kwa njia yote. Zipo pia hati za muda kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki, lakini anayezitaka aende mapema akaulize ofisi ya Uhamiaji, wala asitegemee maneno ya kondakta wa basi.

Pasipoti ya mtoto haitolewi kwa ombi lake peke yake. Yatakiwa cheti cha kuzaliwa, pamoja na idhini na kitambulisho cha mzazi au mlezi. Hapo ndipo wengi hukwama: cheti kiko kijijini, au jina la baba limeandikwa namna nyingine, au mzazi yuko mbali. Jina la kijana lazima liwe moja katika hati zote, herufi kwa herufi. Ambaye ni Yusufu katika cheti cha kuzaliwa na Joseph katika cheti cha chanjo ajitayarishe kuulizwa maswali. Wenye pasipoti tayari watazame siku ya mwisho wake. Ni vizuri ibaki na miezi sita au zaidi. Na wanafunzi wa zamani wenye pasipoti za mtindo wa kale wakumbuke kwamba Uganda iliacha kuzitumia mwaka 2022, ikashika zile za elektroniki.

Katika madarasa yetu wamo pia wenzetu ambao ni wakimbizi. Hao wasiachwe nyuma kwa sababu ya kutojua. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 28, wasema kwamba nchi inayowapokea wakimbizi wakaao humo kwa halali iwape hati ya safari. Lakini hati hiyo hupatikana polepole, na mwenye nayo huenda akatakiwa kupata viza mahali ambapo raia wa Afrika Mashariki hatakiwi. Mwalimu anayepanga safari aulize jambo hili siku ile ile anapoandika majina, siyo wiki ya mwisho.

Zaidi ya hayo, kila mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya mzazi inayosema kwamba amekubali mtoto wake asafiri, pamoja na jina la mwalimu anayewaongoza na nambari ya simu ya mzazi. Mwalimu awe na orodha ya wote yenye muhuri wa shule. Hati zote zitolewe nakala mbili: moja ikae na mwalimu, na moja ibaki shuleni. Tena hati hazina kazi mpakani tu. Katika lango la hifadhi raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada ndogo kuliko wageni wa kutoka mbali, lakini lazima waonyeshe uraia wao.

2. BIMA, NA HABARI ZA KADI MBILI ZA NJANO

Ukiwauliza wasafiri kama wana kadi ya njano, wote watajibu ndiyo, lakini yafaa kuuliza, "Ni ipi?" Kwani ziko mbili, nazo hazina udugu ila kwa rangi na jina.

Kadi ya njano ya kwanza ni ya chanjo, nayo tutaieleza mbele. Ya pili ni ya gari. Hiyo ni bima ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 1987, ambayo huliwezesha gari la nchi moja kuingia nchi nyingine bila kukata bima mpya kila mpakani. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini haikuacha kuipokea kadi hiyo. Kazi yake kubwa ni kuwalinda watu wengine ambao gari lile laweza kuwaumiza au kuwaharibia mali. Kwa hiyo basi la shule lisipokuwa nayo lisiondoke.

Lakini kadi hiyo si bima ya msafiri. Mwanafunzi akivunjika mguu juu ya mawe ya Kilimanjaro, kadi ya gari lililoachwa langoni haimfai kitu. Ndiyo maana yafaa kukata bima ya safari kwa kila mtu, ambayo hulipa gharama za hospitali katika nchi ya ugeni, gharama za kumteremsha mgonjwa kutoka mlimani, na gharama za kumrudisha kwao. Tufikiri maana ya jambo hili. Mzazi ambaye ameuza mazao yake ili mwanawe aende safari hana mazao mengine ya kuuza kwa ajili ya hospitali.

Kukata bima hakutoshi, lazima kuisoma. Mikataba mingi ya bima ina ukurasa wa mambo ambayo kampuni haitalipa, nao huandikwa kwa herufi ndogo. Mikataba mingine hulipa kwa matembezi ya kawaida tu, na hukataa ajali iliyotokea juu ya kimo fulani, labda mita 3,000 au 4,000. Sasa tazama njia ya Marangu. Kibanda cha Mandara kiko karibu na mita 2,700, cha Horombo karibu na 3,700, na cha Kibo karibu na 4,700. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Mwenye bima ya mita 3,000 akilala Horombo yu mlimani bila bima, ingawa karatasi iko mfukoni. Kwa hiyo muulize wakala swali moja wazi: "Je, bima hii hufika mita 5,895?" Na jibu lake aliandike.

Tena taja kila ugonjwa ulio nao unapojaza fomu. Mtu aliyeficha pumu yake ili alipe kidogo aweza kunyimwa malipo yote siku ambayo pumu itamshika. Nambari ya simu ya kampuni iandikwe na kupewa mwalimu na kiongozi, kwa sababu kampuni nyingi hutaka kupewa habari kabla gharama kubwa haijafanywa.

3. AFYA

Sasa twarudi kwenye kadi ya njano ya kwanza, ambayo jina lake kamili ni Cheti cha Kimataifa cha Chanjo. Uganda ni nchi moja katika zile zenye hatari ya homa ya manjano, na kwa sababu hiyo Kenya na Tanzania huwataka watokao Uganda, wenye umri wa mwaka mmoja na zaidi, waonyeshe cheti hicho. Nayo Uganda hukitaka kwa wanaoingia.

Homa ya manjano huletwa na virusi, navyo huchukuliwa na mbu. Katika misitu virusi hivyo huishi pia katika nyani na kima. Haina dawa ya kuviua. Mgonjwa husaidiwa tu mpaka mwili wake ushinde au ushindwe. Lakini chanjo yake ni nzuri sana. Ilitengenezwa na Max Theiler na wenzake katika miaka ya 1930, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Na tusifikiri kwamba elimu hiyo ilikuwa ya mbali tu: kituo cha Entebbe, ambacho leo ni taasisi ya kuchunguza virusi, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa hii hii.

Msafiri akumbuke mambo mawili. La kwanza ni jema: tangu Julai 2016 cheti hakina mwisho, na sindano moja yatosha kwa maisha yote. La pili ni la kuangalia: kwa mtu anayechanjwa mara ya kwanza, cheti huanza kufanya kazi baada ya siku 10. Tuseme msafara waondoka tarehe 5 Januari, na kijana amechanjwa tarehe 1. Cheti chake kitaanza tarehe 11. Ana muhuri, ana sahihi, lakini mbele ya ofisa wa afya ni kama hana kitu. Tena wako wasiofaa kuchanjwa, kama wale wanaodhuriwa vibaya na mayai au wenye kinga dhaifu ya mwili. Hao wapate barua ya daktari, na waulize mapema kama itapokelewa.

Baada ya chanjo, yafaa kila apandaye apimwe na daktari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kileleni mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu yeyote aweza kushikwa na ugonjwa wa mwinuko, hata akiwa bingwa wa mbio. Dalili zake za kwanza ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, na kukosa usingizi. Akianza kupepesuka kama mlevi, au kuhema hali amekaa, hatari imekuwa kubwa, na dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja. Asingojwe apone palepale.

Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, asipande kabisa. Hata aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haugui, amwone daktari kwanza, kwa kuwa huko juu bandama yake yaweza kudhurika. Katika Uganda watu wa namna hii ni wengi, na wengine hawajui mpaka wapimwe damu. Kuna faida kubwa kujua nyumbani kuliko kujulia Horombo.

Na malaria je? Twaizoea, na kwa hiyo twaidharau. Mtu aliyeumwa na mbu nyumbani aweza kuanza kuugua wiki moja au mbili baadaye, yaani akiwa mlimani. Kichwa kitamwuma na atatapika, na wenzake watasema ni mwinuko, kumbe ni malaria. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua kabla ya safari na njiani, na aliye na homa amwambie kiongozi bila kuona haya. Kuficha ugonjwa kwa kuogopa kurudishwa chini si ushujaa. Wenye dawa za kila siku wachukue za kutosha safari nzima na akiba ya siku chache, katika mkoba wanaoushika wenyewe, pamoja na barua ya daktari.

4. MAMBO HAYA YAFANYWE LINI

Miezi mitatu kabla: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na hati za wenzetu wakimbizi. Wiki sita kabla: daktari, kupima damu, na chanjo. Wiki nne kabla: bima, isomwe na watu wawili. Wiki mbili kabla: barua za wazazi, nakala, na kadi ya gari. Siku ya mwisho iwe ya kufunga mizigo tu.

Wanafunzi wa zamani nao wana sehemu yao. Miongoni mwao wamo madaktari, mawakili na watu wa bima. Daktari mmoja akitoa asubuhi moja kuwapima vijana, au wakili mmoja akiusoma mkataba wa bima kabla haujatiwa sahihi, ameifaa shule kuliko aliyeleta zawadi ya kikombe.

Wachagga na wapagazi wa Marangu humwambia kila mgeni maneno mawili, "Pole pole." Maneno hayo ni kwa ajili ya kupanda, lakini yafaa pia kwa kujitayarisha. Mwenda pole hajikwai. Na aliyeanza mapema ndiye awezaye kwenda pole. Nawatakieni safari njema, na kurudi salama wote.