Kutatua Hitilafu za Ghala la Programu kwa Mstari wa Amri

Mtahiniwa anaweza kukariri amri kumi za Linux na bado akakosa alama katika swali la kutatua hitilafu. Mara nyingi kosa lake ni kuandika amri kabla ya kusoma ujumbe ulio kwenye skrini. Katika mada hii utajifunza kusoma ujumbe huo, kutambua ni hatua ipi imeshindwa, kisha kutoa amri inayoifaa hatua hiyo. Mifano yote ni ya Ubuntu, mfumo endeshi uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ambao jina lake la Kizulu na Kixhosa linakaribiana na neno letu "utu". Debian, iliyo mzazi wa Ubuntu, hutumia amri zilezile.

1. Ghala la programu ni nini?

Ghala la programu, au repozitori, ni seva inayohifadhi maelfu ya programu pamoja na orodha inayozieleza. Programu iliyofungwa tayari kwa kusakinishwa huitwa kifurushi. Usikichanganye na kifurushi cha intaneti unachonunua kwa simu. Chombo kinacholeta vifurushi kutoka ghalani ni apt. Anwani za maghala huandikwa katika faili la /etc/apt/sources.list na katika mafaili yaliyomo kwenye saraka ya /etc/apt/sources.list.d. Kuanzia Ubuntu 24.04, anwani kuu zimo katika faili la ubuntu.sources ndani ya saraka hiyo.

Tazama mstari huu:

deb http://archive.ubuntu.com/ubuntu jammy main universe

Una sehemu nne. Neno deb linaonyesha kwamba tunataka vifurushi vilivyo tayari kusakinishwa. Sehemu ya pili ni anwani ya ghala. Neno jammy ni jina la toleo la 22.04. Maneno main na universe ni vitengo vya ghala. Ukikosea herufi moja katika anwani au jina la toleo, apt itabisha hodi kwenye mlango usiokuwepo.

2. Kinachotokea unapoandika sudo apt update

Kazi hufanyika kwa hatua nne:
(a) Kompyuta inaiuliza seva ya DNS namba ya anwani ya ghala.
(b) Inaunganika na ghala na kupakua faili la InRelease.
(c) Inahakiki saini ya kidijitali ya faili hilo kwa kutumia ufunguo wa umma, na kuangalia tarehe yake.
(d) Inapakua orodha za vifurushi na kulinganisha hashi zake na zile zilizoandikwa katika InRelease.

Kumbuka: sudo apt update haisakinishi programu yoyote. Inasasisha orodha tu. Kusakinisha ni sudo apt install, na kupandisha vifurushi vilivyopo hadi matoleo mapya ni sudo apt upgrade. Watahiniwa huzichanganya amri hizi tatu.

Skrini itaonyesha Hit kama orodha haijabadilika, Get kama inapakuliwa, Ign kama imerukwa na Err kama imeshindikana. Mwishoni, mstari unaoanza na W: ni onyo, na unaoanza na E: ni hitilafu. Anza kusoma kwenye Err ya kwanza, kwa kuwa zinazofuata mara nyingi ni matokeo yake.

3. Hitilafu za kawaida na tiba zake

Temporary failure resolving 'archive.ubuntu.com'
Hatua (a) imeshindwa. Jaribu ping -c 3 8.8.8.8, kisha ping -c 3 archive.ubuntu.com. Zote zikikosa majibu, kagua waya, waifai au salio la intaneti. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikashindwa kutambua jina, mtandao upo ila DNS ndiyo mbovu. Rekebisha anwani ya seva ya DNS katika mipangilio ya mtandao.

404 Not Found
Seva imepatikana, lakini faili ulilolitaka halipo. Angalia kwanza ujumbe umetokea wakati gani. Ukitokea wakati wa apt install, orodha yako imepitwa na wakati: inataja kifurushi kilichokwisha kubadilishwa ghalani. Tiba ni sudo apt update, kisha urudie kusakinisha. Ukitokea wakati wa apt update yenyewe, na chini yake ukaona "does not have a Release file", basi anwani au jina la toleo lina kasoro, au toleo hilo limehamishwa.

Mfano wa kuhamishwa ni Ubuntu 21.10, iitwayo impish. Ilitolewa Oktoba 2021 na muda wake wa kuhudumiwa ukaisha Julai 2022. Matoleo ya aina hiyo huhamishiwa old-releases.ubuntu.com. Tengeneza nakala ya akiba kwanza, ndipo ufungue faili:

sudo cp /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.bak
sudo nano /etc/apt/sources.list

Badilisha archive.ubuntu.com na security.ubuntu.com kuwa old-releases.ubuntu.com, hifadhi, kisha usasishe. Zingatia kwamba hii ni tiba ya muda. Toleo lililokwisha muda halipati tena marekebisho ya usalama, hivyo hamia toleo linalohudumiwa.

Release file ... is not valid yet
Kompyuta inaona faili limetiwa saini kesho au mwaka ujao, kwa sababu saa yake iko nyuma. Hali hii hutokea kwenye kompyuta za zamani ambazo betri ndogo ya ubao mama imekufa. Angalia saa kwa timedatectl, kisha uiruhusu ijirekebishe kwa mtandao:

sudo timedatectl set-ntp true

Ikishindikana, iweke kwa mkono kwa sudo date -s ikifuatiwa na tarehe na saa sahihi ndani ya alama za kunukuu.

NO_PUBKEY
Saini ipo, lakini kompyuta haina ufunguo wa kuihakiki. Pata ufunguo kutoka kwa mwenye ghala mwenyewe, uuweke katika saraka ya /etc/apt/keyrings, kisha uutaje kwa signed-by katika mstari wa ghala hilo. Amri ya zamani ya apt-key haishauriwi tena, kwa kuwa ufunguo ulioingizwa kwayo uliaminiwa kwa maghala yote.

Hash Sum mismatch
Orodha iliyopakuliwa hailingani na hashi yake. Huenda upakuaji ulikatika. Futa orodha zilizohifadhiwa na uzipakue upya:

sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update

Could not get lock
Ghala halina tatizo. Programu nyingine inatumia apt kwa wakati huo, mara nyingi usasishaji wa kujiendesha. Subiri imalize. Usifute faili la kufuli, kwa sababu programu mbili zikiandika pamoja zinaweza kuharibu kumbukumbu za vifurushi. Lakini kama umeme ulikatika katikati ya usakinishaji na ukaona "dpkg was interrupted", andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install.

4. Njia ya mkato ya kuepuka

Ukikutana na NO_PUBKEY, mtu anaweza kukushauri uongeze [trusted=yes] kwenye mstari wa ghala. Ujumbe utatoweka na programu itasakinishwa. Lakini umeiambia kompyuta ipokee mzigo bila kuangalia nani ameutia saini. Maghala mengi hutumia http isiyosimbwa, na kinachokulinda usipewe kifurushi kilichochezewa njiani ni saini hiyo. Kwa kuwa usakinishaji hufanyika kwa mamlaka ya sudo, kifurushi kibaya kimoja kinaweza kusoma, kubadilisha au kufuta faili lolote la kompyuta. Kunyamazisha ujumbe si kutatua hitilafu.

5. Swali la mfano

Kompyuta ya maabara yenye Ubuntu 21.10 haijawashwa kwa miaka mingi. Amri ya sudo apt update inatoa "404 Not Found". Baada ya anwani kurekebishwa, inatoa "is not valid yet". (i) Eleza chanzo cha kila ujumbe. (ii) Taja tiba ya kila mmoja. (iii) Kwa nini kompyuta hiyo bado haiko salama? (alama 5)

Jibu:
(i) Ujumbe wa kwanza umetokea kwa sababu toleo limekwisha muda na kuhamishwa kutoka ghala kuu (alama 1). Wa pili umetokea kwa sababu saa ya kompyuta iko nyuma ya tarehe ya faili (alama 1).
(ii) Kubadilisha anwani kuwa old-releases.ubuntu.com (alama 1). Kurekebisha saa kwa timedatectl au date, na kubadilisha betri ya ubao mama (alama 1).
(iii) Toleo lililokwisha muda halipokei marekebisho ya usalama, hivyo lazima lipandishwe hadi linalohudumiwa (alama 1).

Angalia kwamba jibu halikuanza na amri. Limeanza na chanzo, na amri ikafuata. Jizoeze kufunika sehemu ya tiba katika kipengele cha 3, usome ujumbe peke yake, na utaje hatua iliyoshindwa, kuanzia (a) hadi (d), au useme kwamba tatizo liko nje ya ghala. Ukiweza kufanya hivyo kwa ujumbe wote sita, mada hii umeimudu.