Jinsi neva inavyopata njia mwilini: Funzo kutoka kwa mnyoo

KATIKA Barabara ya Lenana, mtaani Hurlingham, magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, ipo Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Miongoni mwa wanaotibiwa humo ni watu walioumia katika ajali za barabarani. Swali linalowakera wengi wao pamoja na jamaa zao ni hili: ikiwa mfupa uliovunjika huunga na kidonda hupona, mbona neva, yaani mishipa ya fahamu, zikikatika katika uti wa mgongo haziungi tena?

Sehemu ya jibu imepatikana kwa kumchunguza mnyoo aishiye udongoni, ambaye wanasayansi humwita Caenorhabditis elegans. Mnyoo huyu, asiye na madhara kwa binadamu, ana urefu wa milimita moja tu. Mwili wake unapitisha mwanga, hivyo seli zake huonekana kwa darubini. Mkomavu wa aina inayotumiwa zaidi na watafiti ana seli 302 za neva, ilhali ubongo wa binadamu unakadiriwa kuwa na bilioni 86.

Aliyemfanya mnyoo huyu kuwa mashuhuri ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Mwaka 1974 alichapisha utafiti kuhusu jeni zake, na mwaka 2002 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Robert Horvitz na John Sulston. Kati ya minyoo aliowachunguza, walikuwamo walioshindwa kutambaa sawasawa.

Mnamo 1990, Edward Hedgecock na wenzake walieleza kwamba kasoro katika jeni tatu, ziitwazo unc-5, unc-6 na unc-40, huzifanya nyuzi za neva zipotee njia zinapokua kuelekea mgongoni au tumboni.

Seli ya neva inapokua hutoa uzi mrefu. Nchani mwa uzi huo pana sehemu inayopapasa huku na huku, ambayo Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890. Ncha hiyo haina macho wala ramani. Huongozwa na kemikali.

Seli za upande wa tumbo hutengeneza protini ya UNC-6, ambayo huwa nyingi huko na kupungua kuelekea mgongoni. Uzi wenye kipokezi cha UNC-40 huifuata hadi tumboni. Wenye kipokezi cha UNC-5 huikimbia na kupanda mgongoni.

Ni kama utingo anayeita "Kawangware!" katikati ya jiji. Anayekwenda huko humkaribia, ilhali wa Eastleigh humwepuka. Mwito ni mmoja, lakini kila abiria huuitikia kulingana na safari yake.

Mwaka 1994, kundi la Marc Tessier-Lavigne nchini Marekani lilipata protini za jamii hiyo katika kifaranga ambaye hajaanguliwa. Ziliitwa netrini, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya mwenye kuongoza. Binadamu pia anazo. Mwaka 2010, watafiti walieleza kuwa kasoro katika jeni ya DCC, iliyo sawa na unc-40 ya mnyoo, huweza kumfanya mtu akisogeza mkono mmoja, wa pili uuige bila hiari yake.

Tumboni mwa mama, neva husafiri masafa mafupi na ishara ziko tayari. Kwa mtu mzima aliyeumia uti wa mgongo, mambo ni tofauti. Nguvu ya nyuzi kukua imepungua, kovu huziba njia, na baadhi ya kemikali zilizopo huzizuia. Hata zikichochewa kukua, ni lazima zifike mahali panapofaa, kwani uzi uliopotea waweza kuleta maumivu badala ya nafuu.

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuziunganisha upya neva hizo. Ndiyo maana madaktari huonya kwamba majeruhi wa ajali asiinuliwe kiholela. Shingo na mgongo wake vyapaswa kutulizwa hadi wahudumu wenye ujuzi wafike, kwa kuwa neva ambayo haijakatika yaweza kukatwa na mikono ya wanaotaka kusaidia.