Gari la umeme la mtumba: Lafika Zinga, barua ya kasoro yabaki Japani

KWA mfanyabiashara wa mihogo au nazi wa Zinga, wilayani Bagamoyo, hesabu ya kwanza ya gari ni mafuta. Kutoka hapo hadi Kariakoo ni karibu kilomita 50, kwenda na kurudi 100. Ndiyo maana matangazo ya magari ya umeme ya mtumba kutoka Japani, hasa Nissan Leaf, yanawavutia wengi. Halinywi petroli wala halina oili ya injini ya kubadilisha.

Swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni hili: gari hilo lilipokuwa mikononi mwa mwenyewe wa kwanza, lililalamikiwa nini? Na je, kiwanda kiliwahi kuliita lirudi gereji kurekebishwa?

Katika nchi kama Japani na Marekani, kiwanda kikigundua kasoro ya usalama hulazimika kuitangaza, kumwandikia barua kila mmiliki aliyesajiliwa na kulirekebisha gari bure. Barua hiyo hufuata usajili. Gari likishafutwa usajili huko na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Mnunuzi wa Zinga, ambaye huenda ni mmiliki wa tatu au wa nne, hayumo katika daftari la kiwanda.

Leaf ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Haikupita miaka miwili kabla ya wamiliki wa jimbo la Arizona, Marekani, kuanza kulalamika kwamba betri zinapoteza nguvu upesi kuliko walivyoahidiwa. Arizona ni jangwa na joto lake hupita nyuzi 40. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji kama injini, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mwaka 2012 shauri lilifika mahakamani. Mwishoni mwa mwaka huo Nissan ilikubali kutoa dhamana mpya: betri ikishuka chini ya vijiti 9 kati ya 12 vinavyoonekana kwenye dashibodi, ndani ya miaka 5 au maili 60,000, wataitengeneza au kuibadilisha.

Pwani ya Bagamoyo haina joto la Arizona, lakini pia haina majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Na dhamana ile ya miaka 5 imekwisha zamani kwa magari ya miaka hiyo.

Sasa tazama hesabu. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Leaf ya mwaka 2011 ikiwa mpya ilikwenda kilomita 117 kwa chaji moja. Vijiti 9 maana yake ni kama asilimia 70 ya uwezo, yaani kilomita 82 hivi. Mwenye magunia ya mihogo atafika Kariakoo. Kurudi ni habari nyingine, hasa akikwama kwenye foleni ya Tegeta huku kiyoyozi kinanguruma.

Leaf za umbo jipya, zilizoanza mwaka 2017, zina betri kubwa zaidi, lakini nazo zimeitwa gereji. Mwaka 2024 Nissan iliziita nchini Marekani Leaf 23,887 za matoleo ya 2019 na 2020, kwa sababu betri inaweza kupata joto kupita kiasi na hata kuwaka moto inapochajiwa kwa mashine za kasi. Wamiliki waliambiwa wasitumie chaji ya kasi hadi programu ya gari ibadilishwe. Mwaka 2025 yakafuata magari mengine zaidi ya 19,000 ya matoleo ya 2021 na 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2021, General Motors iliita Chevrolet Bolt zote ilizokuwa imetengeneza, karibu 142,000, baada ya baadhi kuwaka moto. Wenye nazo waliambiwa waziegeshe nje, mbali na nyumba.

Si kila mwito unamhusu mtu wa Pwani. Mwaka 2016 Leaf zaidi ya 46,000 ziliitwa kwa sababu kifaa cha breki kingeweza kuganda kwa baridi kali, na hilo Zinga halitatokea. Lakini lipo la kinyume chake. Eabegi za kampuni ya Takata, zilizofungwa katika mamilioni ya magari ya petroli kutoka Japani, baruti yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa hiyo ndiyo ya ukanda huu wa Pwani. Mwenye gari dogo la petroli naye asijione salama.

Hata kampuni zimeonja ugumu wa biashara hii. Jijini Nairobi, NopeaRide ilianzisha teksi za umeme mwaka 2018 kwa kutumia Leaf na vituo vyake vya kuchajia. Mwaka 2022 ilifunga shughuli baada ya kampuni mama ya Finland kufilisika. Betri haikulaumiwa, ila dereva aliyetegemea vituo vile alibaki bila kazi.

Anayetaka kununua aanze na namba ya chasisi, kabla ya kutuma fedha. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Marekani. Leaf za Japani huanza na ZE0, AZE0 au ZE1. Namba hiyo huingizwa katika tovuti ya Nissan ya Japani, nayo huonyesha kama lipo tengenezo la usalama ambalo halijafanywa. Maandishi ni ya Kijapani, hivyo muuzaji aombwe atume matokeo yake pamoja na picha ya dashibodi.

Picha ya vijiti pekee haitoshi. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya betri kwa kompyuta ili vijiti 12 vionekane tena, kisha vinaanguka baada ya wiki kadhaa. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy, husoma afya ya betri kwa asilimia.

Anayenunua kwenye yadi ya Dar es Salaam aandikishe asilimia hiyo kwenye mkataba. Muuzaji wa hapa anaweza kulalamikiwa Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Wa Yokohama ni vigumu kumfikia.

Halafu kuna umeme wa nyumbani. Leaf ya kwanza ikiwa tupu huhitaji karibu saa 8 kujaa, na kwa muda wote huo soketi moja hubeba mzigo mzito mfululizo. Waya mwembamba au ekstensheni ya dukani huyeyuka taratibu usiku watu wamelala. Fundi umeme aitwe aikague soketi hiyo gari likiwa bado njiani.