Makovu ya Chunusi: Usijipake Zebaki

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua zebaki, inayokamata dhahabu. Wengi hawajui kwamba baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, zinazonunuliwa ili kufuta makovu ya chunusi, nazo zina zebaki. Sumu hiyo hupenya ngozi, huharibu figo na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unavikataza vipodozi hivyo.

Tutibuje basi? Kwanza utofautishe. Doa jeusi lisilo na shimo si kovu hasa. Hufifia kwa miezi kadhaa, mradi usitumbue chunusi na ujikinge na jua. Adapalini na asidi ya azelaiki husaidia. Adapalini ipake usiku baada ya Isha, ili maji ya udhu yasiiondoe mapema, mjamzito asiitumie.

Kovu lenye shimo halijazwi na krimu ya dukani. Daktari wa ngozi hulitibu kwa visindano vidogo vidogo, au kwa asidi ya kubandua ngozi. Kovu lililovimba, yaani keloidi, huchomwa sindano ya steroidi. Ukiwa Shinyanga au Geita, omba rufaa ya Bugando, Mwanza.

Krimu isiyoandikwa viambato vyake usiinunue. Iliyoandikwa pia ihoji, kwani zebaki mara nyingi hufichwa. Inayong'arisha uso kwa siku chache, iogope zaidi. Mwili ni amana. Tuutibu bila kuudhuru.