Mwani na afya ya utumbo: mambo ya kujua kabla ya kuuita dawa

Mwani unaolimwa Kibuyuni, Mkwiro, Gazi na maeneo mengine ya pwani ya Kwale huuzwa zaidi ukiwa umekaushwa. Baadhi ya vikundi vya akina mama pia huutumia kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Kadiri matumizi yake yanavyopanuka, mkulima na mnunuzi wanahitaji jibu la wazi kwa swali moja: je, mwani hutibu tumbo?

Jinsi utumbo unavyojilinda

Ukuta wa ndani wa utumbo una safu moja tu ya seli, zilizoshikana bega kwa bega na kufunikwa kwa ute. Ukuta huo hupitisha maji na virutubishi lakini huzuia vijidudu. Salmonella na aina fulani za E. coli husababisha ugonjwa kwa kujishikiza kwenye seli hizo. Baadhi ya bakteria hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji kwa wingi, na mtu akaanza kuhara.

Kazi ya sukari za mwani

Mwani una sukari zilizoungana kama shanga kwenye uzi, ziitwazo polisakaraidi. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuzivunja, hivyo nyingi hufika kwenye utumbo mpana bila kusagwa. Huko, bakteria wenye manufaa huweza kuchachusha baadhi yake na kutoa asidi, ikiwemo butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Katika maabara, baadhi ya sukari hizi pia zimewazuia bakteria wabaya kujishikiza kwenye seli.

Utafiti mwingi umefanywa Ulaya kwa nguruwe wachanga, ambao huhara sana wanapoachishwa kunyonya. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka wa 2006, haja ya kupata mbadala iliongezeka. Katika baadhi ya majaribio, laminarini na fukoidani zilipochanganywa na chakula cha nguruwe hao, kuhara kulipungua. Hata hivyo, matokeo hayakufanana katika majaribio yote.

Mwani wa Kwale ni tofauti

Laminarini na fukoidani hutoka kwenye mwani wa kahawia. Spinosamu na kotonii, zinazofungwa kwenye kamba za wakulima wa Kwale, ni mwani mwekundu. Sukari yake kuu ni karajinani, ambayo viwanda huitumia kufanya aiskrimu na dawa ya meno ziwe nzito.

Karajinani inaruhusiwa kwenye chakula. Lakini ikivunjwavunjwa kwa asidi na joto, hugeuka kitu kingine ambacho watafiti wamekitumia kusababisha vidonda kwenye utumbo wa wanyama wa maabara. Kwa hivyo, sifa za mwani mmoja haziwezi kubandikwa kwenye mwani mwingine. Pakiti ya mwani wa Kwale inaweza kuuzwa kama chakula safi, lakini isiandikwe kuwa inatibu tumbo. Mwani wa kula pia usivunwe karibu na maji taka, kwa sababu hunyonya uchafu ulio majini.

Mtu anapohara

Mwani usichukue nafasi ya matibabu. Wananchi wanashauriwa:

- Kumpa mgonjwa ORS mara moja, kidogo kidogo na mara kwa mara.
- Kumpa mtoto zinki kwa siku 10 hadi 14, kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na kuendelea kumnyonyesha.
- Kwenda kituo cha afya haraka iwapo kuna damu kwenye choo, macho yamezama, au mgonjwa anatapika kila anachokunywa.
- Kuhakikisha mtoto amepata chanjo ya rotavairasi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2014.
- Kutibu maji ya kunywa na kunawa mikono kwa sabuni.