Mjane wa Ufipa Hakusahau

Mvua za Ufipa, Tanzania, hazimsubiri aliyefiwa. Msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na asiyepanda mahindi na maharage kwa wakati atalala njaa na wanawe. Kwa hiyo mama aliyezika mume Oktoba, Novemba utamkuta shambani, mtoto mgongoni, na majirani wakinong'ona kwamba amesahau upesi.

Hakusahau. Mwaka 1999 wanasaikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut, wa Uholanzi, walieleza kwamba majonzi huenda kwa zamu: mara mfiwa humlilia marehemu, mara hushughulikia maisha yaliyobaki, kisha hulia tena. Kuhama huku na huku ndiko kunakomwezesha kustahimili. Anayelima asubuhi na kulia usiku yuko sawa. Wa kuhofiwa ni yule ambaye miezi inapita hali, halali, wala hawezi kumnyonyesha mtoto. Huyo apelekwe kituo cha afya.

Watoto nao hulia kwa zamu, ila zao ni fupi. Wa miaka minne ataambiwa baba amekufa, ataitikia, ataenda kucheza, na jioni atauliza baba anarudi lini. Katika umri huo bado haelewi kwamba kifo hakina marejeo. Naumia ninaposikia mtoto akidanganywa kwamba baba amesafiri kwenda Mbeya, maana atakodolea macho kila basi linaloingia Sumbawanga. Mwambie hivi: "Baba amekufa. Hapumui tena, wala hasikii baridi. Si kosa lako. Mimi nipo, tutaendelea kukaa pamoja." Akiuliza mara ya kumi, mjibu vilevile.

Lakini neno "tutaendelea kukaa" linahitaji nyumba. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamnyima mjane fungu la urithi na kuwaachia watoto wamtunze, hata kama bado wananyonya! Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania kwa shauri la wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani mwao. Hata hivyo, kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa, mila iseme isemavyo. Naye anaweza kuomba Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Shemeji au dada anayetaka kumsaidia kweli amshikie mtoto siku ya ombi hilo, amsindikize mahakamani.